Kilomita Mia Nne za Mbeya na Mpika

Ukipima kwa mstari mnyoofu juu ya ramani, kutoka Mbeya, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, hadi Mpika, kaskazini-mashariki mwa Zambia, ni karibu kilomita 400. Ndege ya mapangaboi ya siku hizi ingezimaliza kilomita hizo kwa muda usiotimia saa moja. Mwaka 1932 ndege ya injini tatu ya kampuni ya Imperial Airways, iliyokuwa ikienda kwa kasi ya kilomita 175 hivi kwa saa, ilizimaliza kwa saa mbili na robo. Leo msafiri anayetaka kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa ndege zenye ratiba itambidi aende kwanza Dar es Salaam, kutoka huko aruke hadi Lusaka, na akishuka Lusaka bado ana zaidi ya kilomita 600 za barabara mbele yake. Atakuwa ameruka zaidi ya kilomita 2,100 kwa ajili ya pengo la kilomita 400. Jambo hili linadai maelezo, na maelezo yaliyozoeleka, kwamba miji hii iko pembezoni, hayatoshi hata kidogo, kwa sababu mwaka 1932 ilikuwa pembezoni zaidi kuliko sasa na ndege ilikuwa ikitua. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba muda wa safari kati ya viwanja viwili vya mbali hauamuliwi na umbali, wala na kasi ya ndege. Unaamuliwa na sababu ya ndege kutua. Mbeya na Mpika zilikaribiana angani kwa sababu ndege za zamani zilikuwa dhaifu, zikatenganishwa na nguvu za ndege zilizofuata, kwani hakuna aliyekuwa ameweka sababu nyingine mahali pa ule udhaifu.

Habari inaanzia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo kwa upande wetu wa Afrika ilikoma Novemba 25, 1918, pale Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Mapema 1919 vikosi vitatu vya wapimaji waliotumwa na Wizara ya Anga ya Uingereza vilikuwa vimeshaingia kazini, vikitafuta mahali pa kutulia ndege kutoka Cairo hadi Cape Town. Abercorn yenyewe ilikuwa katika orodha yao, pamoja na Tabora, Ndola na Broken Hill, ambayo sasa ni Kabwe. Mtu asidhani walikuwa wakichagua miji. Walichokuwa wakikitafuta ni ardhi tambarare iliyopangika kwa hatua za kilomita mia kadhaa, na ilipokosekana, ilitengenezwa kwa mikono: miti ikang'olewa, na vichuguu vya mchwa, ambavyo katika misitu ya miombo huwa vikubwa kama nyumba, vikabomolewa kimoja kimoja. Huko Ndola kazi hiyo iliwachukua mamia ya vibarua miezi kadhaa, wakiondoa maelfu ya tani za udongo. Petroli ilifika katika madebe, nayo ikahifadhiwa ikingojea ndege ambazo hakuna aliyejua zitakuja lini.

Zilikuja mwaka 1920, na safari zile za kwanza zimetuachia ushahidi ulio wazi kuliko wowote kuhusu tofauti ya muda wa kuruka na muda wa kusafiri. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, marubani wa Afrika Kusini, waliondoka Uingereza Februari 4, 1920, wakafika Cape Town Machi 20. Hiyo ni siku 45. Saa walizokuwa angani zilikuwa 109 na nusu. Ukizigawanya, utaona kwamba kwa wastani waliruka chini ya saa mbili na nusu kwa siku, na muda uliobaki waliutumia chini: kutengeneza injini, kungoja vipuri, kungoja hewa ya asubuhi, kungoja ndege nyingine, kwa sababu katika safari hiyo moja walimaliza ndege mbili na kufika kwa ya tatu. Wenzao waliokuwa wametangulia, waliosafiri na mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell kwa udhamini wa gazeti la The Times, walikomea Tabora. Ndege yao iliharibika Februari 27 wakati wa kuruka, na safari ikaishia hapo, katika mji ambao miaka michache kabla ulikuwa njia panda ya misafara ya miguu.

Ndege hizo zilipata taabu katika nyanda za juu kwa sababu inayofaa kuelezwa taratibu, maana ndiyo iliyoziingiza Mbeya na Mpika katika historia ya usafiri wa anga. Bawa hubebwa na hewa, na injini huchoma mafuta kwa hewa. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari hewa huwa nyepesi, na joto likizidi huwa nyepesi zaidi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Mpika iko kwenye mita 1,400. Ndege inayoondoka mahali kama hapo hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka, na kama kiwanja ni kifupi, rubani hana la kufanya ila kupunguza uzito. Abiria wamelipa nauli na barua zina mkataba. Kinachoweza kupunguzwa ni mafuta. Ndege yenye mafuta machache haifiki mbali. Kwa hiyo uwanda wa juu wa Afrika uliwalazimisha wenye ndege kusogeza vituo vyao karibu karibu kuliko ambavyo wangependa, na kuanza safari alfajiri kabla jua halijapasha hewa moto. Alan Cobham, aliyeruka kutoka London hadi Cape Town kati ya Novemba 1925 na Februari 1926 kuipima njia kwa niaba ya Imperial Airways, alithibitisha kwamba safari inawezekana. Lakini asingeweza kuibadilisha hewa.

Huduma ya kawaida ilianza Februari 28, 1931, kutoka London, na mwisho wa reli hiyo ya angani haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza. Ndege zilizokuwa zikitua majini zilishuka kwenye mto Nile na kuingia Ziwa Victoria, na ziwa ndilo lililokuwa uwanja wao. Januari 20, 1932, njia ilirefushwa hadi Cape Town, safari hii kwa ndege za magurudumu kuanzia Kisumu: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill, Salisbury (Harare ya leo), kuendelea kusini. Mwanza ikaachwa. Ilikuwa imetimiza miezi kumi na moja tu kama kituo cha mwisho cha safari iliyoanzia Ulaya, na ilipoondolewa haikuwa imefanya kosa lolote wala kupungukiwa na watu. Mstari ulihitaji kunyooka kwenda kusini, na Mwanza haikuwa juu ya mstari. Mbeya, mji uliokuwa na umri wa miaka mitano hivi, uliozaliwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya, ulikuwa juu ya mstari. Mpika, boma dogo la serikali lililokuwa mbali na reli, lilikuwa juu ya mstari vilevile.

Tuitazame ratiba ya 1932 kwa makini. Kutoka London hadi Cape Town ilikuwa karibu kilomita 12,800 na safari ilipangwa kuchukua siku 11. Kwa kasi ya ndege za wakati ule, kilomita hizo ni saa 75 hivi za kuruka, yaani siku tatu na kidogo kama ndege ingeruka bila kupumzika. Siku nyingine karibu nane zilikwenda wapi? Sehemu ilikwenda kwenye usiku, kwa maana ndege hazikuruka gizani na abiria walilala chini. Sehemu ilikwenda kwenye mafuta. Sehemu ilikwenda kwenye kubadilisha vyombo: abiria walipanda ndege hadi Paris, wakapanda treni hadi Brindisi kwa kuwa Italia haikutaka kuwaachia Waingereza anga yake bila masharti, wakapanda ndege ya kutua majini kuvuka bahari, wakapanda treni tena kutoka Alexandria hadi Cairo, ndege ya magurudumu hadi Khartoum, ndege ya majini hadi Kisumu, na ya magurudumu tena hadi mwisho. Ukiondoa usiku, kila kilichobaki kilikuwa kazi ya ardhini na ya ofisini. Kipande cha Mbeya na Mpika, cha saa mbili na robo, kilikuwa miongoni mwa vipande rahisi kuliko vyote, kwa sababu hakikuwa na mpaka wenye mgogoro wala chombo cha kubadilisha.

Hapa lipo pingamizi zito, nami sitaki kulipita juu juu. Msomaji anaweza kusema kwamba ukaribu huu ulikuwa wa wachache: maofisa wa kikoloni, wenye migodi, walowezi, na barua zao. Msafwa wa Mbeya na Mbemba wa Mpika hawakupanda ndege ile, walitembea. Ni kweli tupu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, katika nchi hiyo hiyo, maelfu ya wapagazi walioitwa tenga-tenga walikuwa wamebeba mizigo ya jeshi la Waingereza vichwani kutoka kwenye reli hadi mpakani. Kwa mwendo wa mpagazi, kilomita 20 au 25 kwa siku kwa njia zinazopinda, Mbeya na Mpika ni safari ya majuma matatu. Waliosafisha viwanja hawakuwa abiria wa viwanja. Lakini pingamizi hili, badala ya kuivunja hoja yangu, linaitia nguvu. Kama ndege haikuwa ikitua kwa ajili ya watu wa Mbeya na Mpika, basi kutua kwake hakukuhusiana kabisa na mahitaji ya Mbeya na Mpika. Ilitua kwa sababu ya tangi lake. Miji ile miwili ilikuwa ikifaidi kwa bahati: barua za Lupa zilipanda kwa kuwa ndege ilikuwa lazima isimame pale hata kama pasingekuwa na barua hata moja. Ukaribu wa namna hiyo ni wa kuazimwa, na mwenye mali aliuchukua siku alipopata tangi kubwa.

Siku hiyo haikukawia. Mwezi Juni 1937 Uingereza ilianza mpango mpya wa posta ya anga, ambao ulitaka barua nyingi zibebwe bila malipo ya ziada na hivyo kudai ndege kubwa. Ndege kubwa za magurudumu zingehitaji viwanja vizito vya gharama. Maji yalikuwapo bure. Njia kuu ikahama kutoka bara ikashuka pwani, na ndege za kutua majini zikaanza kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji na Beira hadi Durban. Dodoma, Mbeya na Mpika zikabaki kando, zikihudumiwa na kampuni ndogo ya Nairobi, Wilson Airways, iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, ambayo ilichukua kipande cha bara hadi Lusaka kwa ndege ndogo mpaka vita vya 1939 vilipoisimamisha. Na Lindi ikawa mji wa kimataifa kwa usiku mmoja. Nakaa kidogo hapa, kwa kuwa kisa cha Lindi ni cha ajabu kuliko vyote. Mtu mwenye nauli angeweza kupanda ndege Lindi na kushukia Uingereza siku chache baadaye, na angefika Dar es Salaam kwa muda wa saa moja na robo tu, kilomita 340 hivi kwa mstari mnyoofu. Kwa barabara, mto Rufiji uliukata mji huo kutoka Dar es Salaam kila masika kwa miongo mingi, hadi daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003. Kati ya ndege ile na daraja hili ni miaka 66. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo Lindi ilikuwa mbali na Dar es Salaam kuliko ilivyokuwa 1937, ijapokuwa ndege za ulimwengu zilikuwa zimeongeza kasi zaidi ya mara tatu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, Waingereza waligawa anga la makoloni yao kati ya mashirika mawili yaliyozaliwa 1946: East African Airways yenye makao Nairobi, na Central African Airways yenye makao Salisbury. Mpaka wa mashirika hayo ulipita Tunduma. Mbeya ikawa ncha ya mwisho ya mtandao mmoja, Mpika ikawa ncha ya mtandao mwingine, na kila ncha ikaangalia makao yake makuu na kumpa mwenzake mgongo. La pili, ndege zilipata nguvu. Mei 2, 1952, Comet ya shirika la BOAC, ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria kwa ratiba, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima haikufika saa 24. Kutoka Entebbe hadi Livingstone ni mruko mmoja wa karibu kilomita 2,100. Ndani ya mruko huo viliingia vituo vyote vya Tanganyika na vingi vya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) vya mwaka 1932, na Comet haikukanyaga hata kimoja. Njia ya siku 11 ikawa ya siku moja kwa mtu wa London na wa Johannesburg. Kwa mtu wa Mbeya mwenye shughuli Mpika, njia ilikuwa imefutwa.

Mtetezi wa kasi atasema kwamba faida ya ndege ya haraka hushuka mwishowe hadi kwa kila mtu, kwamba mtu wa Mbeya naye alipata njia ya kufika Nairobi na London upesi kuliko baba yake, na kwamba kulilia vituo vya mafuta ni kulilia ufukara. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali. Mashirika ya kikanda yaliihudumia Mbeya kwa miaka mingi, na Dakota za East African Airways ziliifanya kazi hiyo bila makuu. Ila mtetezi anachanganya kasi na muda. Muda wa safari una sehemu ambayo ratiba za mashirika haziichapishi: kungoja. Kama ndege inapita mara moja kwa juma, mtu anayekuja na haja siku yoyote atangoja, kwa wastani, siku tatu na nusu. Saa mbili na robo za kuruka zikiongezwa kwenye siku tatu na nusu hazionekani. Punguza safari ya angani iwe saa moja, na jumla haibadiliki. Ongeza ndege moja tu kwa juma, na wastani wa kungoja unaanguka kwa karibu nusu. Kwa viwanja vya pembezoni, basi, ndege ya polepole inayopita mara mbili ina kasi kuliko ndege ya haraka inayopita mara moja, na ndege isiyopita kabisa haina kasi yoyote hata ingekuwa jeti. Fedha zote zilizotumika kuongeza kasi baada ya 1945 zilitumika mahali ambapo hazingeweza kuwafaa watu hawa.

Sababu zilirejea katika ukanda huu mara moja, kwa kishindo. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na shaba yake kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Mafuta yakaanza kuingizwa kwa malori kupitia Tunduma kwa barabara iliyoua madereva wengi, na kwa ndege. Kampuni ya Zambian Air Cargoes ilirusha ndege za mizigo za Lockheed kati ya Dar es Salaam na Zambia, zikipeleka mafuta na kurudi na shaba. Jina la ndege hizo lilikuwa Hercules, jina lile lile la ndege za de Havilland zilizokuwa zikitua Mbeya na Mpika mwaka 1932, ingawa hazikuwa na undugu wowote. Tofauti yao ndiyo hoja yangu yote: Hercules ya kwanza haikuweza kupita Mpika bila kutua, ya pili haikuwa na haja ya kujua kwamba Mpika ipo. Lakini bomba la TAZAMA lilipokamilika 1968, na hasa reli ya TAZARA ilipokabidhiwa Julai 1976, kitu kilichotokea kilikuwa cha aina nyingine kabisa. Reli ile ya kilomita 1,860 iliwekwa na serikali tatu zilizojua zinataka nini. Ilipitishwa Mbeya, ikapitishwa Mpika, na Mpika ikapewa karakana kubwa na chuo cha mafunzo. Kwa mara ya kwanza miji hii miwili iliunganishwa na chombo kilichokusudia kusimama pale.

Naijua hoja ya mwisho, na ndiyo inayosemwa zaidi siku hizi: hakuna soko. Ni abiria wangapi wangenunua tiketi ya Mbeya kwenda Mpika? Wachache sana, nakubali, na shirika lolote litakalojaribu kesho bila msaada litafilisika. Lakini historia haituruhusu kuishia hapo. Mwaka 1932 soko la Mbeya na Mpika halikuwapo hata kwa kudhani. Imperial Airways iliishi kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza na ya makoloni yaliyokuwa njiani, na kwa mikataba ya posta. Hakuna aliyeiuliza Mpika kama ina abiria wa kutosha kabla ya kuisafishia kiwanja. Ruzuku ilitolewa kwa sababu dola ilitaka kuunganisha pande zake, na miji midogo iliokota kilichodondoka. Tena soko lenyewe lina historia. Mwaka 1932 ndege ilivuka kutoka Tanganyika kuingia Rhodesia ya Kaskazini bila kuhitaji zaidi ya ofisa mmoja na muhuri, kwa kuwa bendera ilikuwa moja. Leo ndege inayovuka hapo inaitwa ya kimataifa, na kiwanja cha kuipokea kinahitaji uhamiaji, forodha, afya na ulinzi, hata ikiwa na abiria tisa. Nchi za Afrika zilikubaliana Yamoussoukro mwaka 1999 kufunguliana anga, na zikazindua soko moja la usafiri wa anga Januari 2018. Makubaliano hayo yameandikwa kwa kufikiria miji mikuu. Jozi za miji ya mpakani kama hii hazina mtetezi ndani yake, wala hazina shirika: Zambia Airways ya zamani ilifungwa 1994, na East African Airways ilikuwa imevunjika tangu 1977 pamoja na jumuiya yake.

Wapo watakaosema reli na barabara zinatosha, na ndege ya nini tena. Kwa mizigo nakubaliana nao bila shida. Kwa mgonjwa anayehitaji daktari bingwa, kwa vipuri vya karakana ya Mpika vilivyokwama, kwa mfanyabiashara wa Mbeya ambaye moja ya masoko yake ya karibu ya nje ni Zambia, sikubaliani. Na hata wakiwa sahihi, usahihi wao unatoka kwenye chanzo kile kile: reli inatosha kwa kuwa waliojenga waliamua itasimama. Mbeya haina upungufu wa kiwanja. Kile cha zamani, kilichobanwa na mji chini ya milima, kiliachwa Desemba 2012 baada ya uwanja mpya wa Songwe kufunguliwa, nao una barabara ndefu ya kurukia iliyopimwa kwa kuzingatia hewa nyepesi ile ile iliyowatesa marubani wa 1920. Tatizo la urefu wa uwanja, tatizo la joto, tatizo la tangi dogo, yote yametatuliwa. Lililobaki halikuwa la uhandisi tangu mwanzo.

Kwa hiyo wapangaji wa usafiri wa anga wa nchi zetu mbili nawaomba jambo moja dogo. Wanapochora ramani ya njia, karibu na kilomita waandike siku: siku ambazo mtu wa kawaida atatumia kutoka mlangoni kwake mpaka anakokwenda, kungoja kukiwamo. Kwa Mbeya na Mpika ramani ya kilomita itasema 400, kama ilivyosema mwaka 1932, na haitawaambia kitu. Ramani ya siku itawaambia kwamba mwenye haraka leo hupanda gari mpaka Tunduma, huvuka mpaka, kisha hutafuta basi upande wa Nakonde.